Aliyekombolewa au Aliyejikomboa? Jembe na Kengele katika Masimulizi ya Ziwa Mweru

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwani kitabu tunachokusudia kukizungumzia kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mjini Glasgow mwaka 1916. Jina lake ni Ten Times a Slave but Freed at Last. Aliyekiandika ni Dugald Campbell, mmisionari. Anayesimuliwa ndani yake ni Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyepitia mikono ya mabwana wengi katika nchi za Katanga, na ambaye maisha yake yalimfikisha hatimaye katika vijiji vya misheni vya upande wa Luapula na Ziwa Mweru.

Sababu ya kukileta kitabu hiki mbele ya walimu wa Kiswahili ni ya kilugha kwanza. Jina lake haliwezi kufasiriwa kwa Kiswahili bila mfasiri kuchagua upande. Sehemu ya mwanzo haina taabu: mtumwa mara kumi. Taabu iko katika ile sehemu ya pili. Tukisema "hatimaye akaachwa huru", tumemweka bwana mbele, kwa kuwa anayeacha ni yule aliyekuwa ameshika. Tukisema "akakombolewa", tumeleta mtu wa tatu aliyetoa mali au nguvu zake kumtoa mtumwa kwa bwana. Tukisema "akajikomboa", basi mtumwa mwenyewe ndiye mtendaji na ndiye mlipaji. Kiingereza cha Campbell kinaweza kulipita jambo hili kwa neno moja lisilotaja mtendaji. Kiswahili hakina mlango huo wa nyuma, au kama kinao, ni "akawa huru", kana kwamba uhuru ni mvua iliyomnyeshea njiani.

Nasi tunashikilia kwamba masimulizi ya Bwanikwa yenyewe, yakisomwa kwa makini, yanalipinga jina lililoandikwa juu ya jalada lake. Ili kulithibitisha hilo inatubidi kwanza tuyatazame mazingira ya kazi ambamo maisha yake yalipita, maana mtu asiyejua jinsi mihogo inavyolimwa hawezi kujua mwanamke huyu alitoa nini ili awe huru.

Nchelenge ni boma la wilaya lililoko ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa mashariki, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Kusini yake, kwa njia ya barabara, ni Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa Mashariki. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Katikati ya maji kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo msomaji wa pwani ya Bahari ya Hindi hawezi kulipita bila kusimama kidogo, na huko Kongo ng'ambo kuna mji wa Kilwa pia. Juu ya magenge ya upande huo wa magharibi ndipo ilipojengwa misheni ya Luanza katika miaka ya 1890. Mpaka tunaouona leo kwenye ramani ulichorwa katika zama hizo hizo. Kabla yake watu walivuka kwa mitumbwi kwa sababu ya samaki, chumvi, ndoa na vita, wala hawakujiona kuwa wamekwenda nchi nyingine.

Katika karne ya 19 chakula kikuu cha bonde la Luapula kilikuwa mihogo. Wareno waliofika kwa Kazembe, tangu msafara wa Lacerda mwaka 1798 hadi ule wa Gamitto mwaka 1831, waliikuta. Livingstone, aliyefika ukingoni mwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 na kuingia kwa Kazembe baadaye mwezi huo huo, aliuona mji ambao nyumba zake zilitapakaa katikati ya mashamba ya mihogo. Nyanda za juu za Wabemba zilikuwa na desturi nyingine, ile ya chitemene: wanaume hupanda mitini na kukata matawi, matawi hukusanywa na kuchomwa, na ulezi hupandwa katika majivu. Kazi hiyo ina kilele chake, ina mavuno yake, ina msimu wa kushiba na msimu wa njaa. Shamba la mihogo haliko hivyo. Vipande vya miti huchomekwa katika matuta mvua zinapoanza, mnamo Novemba, kisha mmea hukaa ardhini mwaka na zaidi. Haukatwi wote kwa siku moja. Mwanamke huenda akachimba kiasi cha siku hiyo, akailoweka mihogo michungu siku kadhaa ili sumu itoke, akaimenya, akaianika, akaitwanga, akachunga unga. Kesho yake huanza tena. Ni kazi isiyo na sherehe.

Ina faida zake lakini, na faida hizo zina maana kubwa kwa hoja yetu. Ghala la nafaka adui huliteketeza kwa kijinga kimoja. Mihogo iliyo ardhini haiungui. Katika nchi iliyopitiwa na misafara ya pembe na majeshi ya kuteka watu, zao linalojificha chini ya udongo lilikuwa ngome. Isitoshe, mwanamke aliyelima kuliko mahitaji ya jiko lake alikuwa na kitu cha kuuza wakati wowote, kwa wavuvi, kwa wapagazi, kwa wageni wa misheni. Katika sehemu hizo mikono ya wanawake ilijua pia kufinyanga vyungu na kupika pombe. Wanaume walisafisha pori na kuvua. Samaki aliyesifika kuliko wote aliitwa mpumbu, aliyepanda Mto Luapula kwa msimu wake kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Ilipofika katikati ya karne ya 20 samaki hao walikuwa wamevuliwa mno hata wakaadimika.

Sasa tuulize: nani ameiandika kazi hii?

Mwandishi wa kwanza wa kumuuliza ni wetu sisi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alipita kaskazini ya Mweru mwaka 1867 na kumshinda Nsama wa Itabwa, ambaye yeye humwita Samu. Tawasifu yake, iliyotolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha ikafasiriwa kwa Kiingereza na Whiteley na kutolewa katika miaka ya 1950, ni nathari ya Kiswahili ambayo hatuchoki kuwapa wanafunzi wetu. Sentensi zake ni fupi, zimekauka, hazina tashbihi za kupamba. Anapigana, anahesabu, anaondoka. Pembe zina frasila zake. Wafalme wana majina yao. Mkulima wa kike wa Itabwa, ambaye chakula chake kiliwalisha wenyeji na wavamizi pia, hatajwi jina. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kuandika kama mfanyabiashara. Daftari la biashara lina safu zake. Tunalosema ni kwamba mwanafunzi anayeisoma tawasifu hiyo peke yake atadhani nchi za Mweru zilikuwa njia tu ya kupitia, wala si mahali ambapo watu waliamka na kushika majembe.

Kitabu cha upande wa ikulu nacho hakitusaidii sana. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akishirikiana na Padre Labrecque, alitunga historia ya Walunda kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, ambayo Ian Cunnison aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 1961. Ni kazi ya heshima, na kisa cha Nachituti, mwanamke aliyemkabidhi Kazembe ardhi na maji baada ya kaka yake Nkuba kumuua mwanawe, kingestahili makala yake. Lakini hiyo ni historia ya nani alimpa nani nchi. Waliolima nchi hiyo baada ya kukabidhiwa hawamo.

Wamisionari ndio walioanza kuandika habari za kila siku, na sababu yake ni dhahiri: walikuja kukaa, walihitaji kula, na walitaka kubadilisha jinsi watu wanavyoishi kuanzia alfajiri hadi usiku. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mwaka 1886. Msiri mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya Usumbwa, magharibi ya Tabora, aliyejijengea milki huko Katanga kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mji ukavunjika, watu wakatawanyika. Mmoja wa wamisionari vijana waliokuwako, Dan Crawford wa Uskochi, alihamia upande wa Mweru pamoja na watu wengi waliokuwa hawana pa kwenda, na hatimaye akajenga Luanza, alikokaa hadi alipofariki mwaka 1926. Watu walimpa jina la Konga Vantu, mkusanyaji wa watu. Vantu ni watu. Na katika konga masikio ya Mswahili husikia kongamano.

Crawford ameacha kitabu mashuhuri, Thinking Black, kilichotoka mwaka 1912 baada ya kukaa Afrika miaka 22 bila kurudi kwao. Hoja yake ni kwamba Mzungu hawezi kumfundisha Mwafrika kabla hajajifunza kufikiri kama yeye. Kwa zama zile hiyo ilikuwa kauli ya kishujaa. Hata hivyo kitabu chenyewe kinamshinda msomaji mwenye subira. Crawford hawezi kuliona jambo likapita bila kulichezea maneno. Kila ukurasa una mizaha ya Kiskochi, mafumbo ya Biblia na alama za mshangao. Mihogo imo, mitumbwi imo, mvua zimo, lakini vyote vinakuja vikiwa vimevishwa nguo za mahubiri. Aliyetaka kufikiri kwa fikra za watu wa Luanza mara nyingi huwaweka kando ili azungumze yeye.

Hata hivyo kutokana na maandishi yake na ya wenziwe tunaweza kuiona jamii ngeni iliyokuwa ikizaliwa. Waluba, Wasanga, Walunda, Wabemba na wengineo, wengi wao waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, waliishi pamoja si kwa ukoo wala kwa mtawala bali kwa kengele. Kengele iliita ibada, iliita shule, iliita kazi. Jumapili majembe yalilala. Hapa pana jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya kimisheni hawalitazami. Kalenda ya kanisa la Ulaya imeshonwa juu ya kalenda ya ngano: kupanda, kungoja, kuvuna, kushukuru. Shamba la mihogo halina siku ya mavuno. Mwanamke aliyesikia mahubiri ya mpanzi na mbegu alipaswa kwanza kulifasiri shamba, kisha ndipo alifasiri neno. Na siku ya kupumzika ilikuwa siku ya kutochimba, lakini si siku ya kutokula. Basi kazi ya Jumapili ilifanywa Jumamosi, na aliyeifanya ni yeye yule.

Jambo la pili ni la madhehebu. Misheni hii ilikuwa ya Ndugu, watu wasiokuwa na makasisi wa kuwekewa mikono, ambao hukutana kila Jumapili kuumega mkate, na kila mwanamume anayejiona ameongozwa na Roho huruhusiwa kusema. Tumesema mwanamume kwa makusudi. Kwa desturi yao wanawake hunyamaza katika mkutano wa ibada. Kwa hiyo tunapokifungua kitabu cha 1916 tunakutana na ajabu hii: jamii ambayo mwanamke hasimami kusema kanisani ndiyo iliyotupatia mojawapo ya masimulizi marefu ya mwanamke mtumwa wa Afrika ya Kati.

Masimulizi yenyewe yanaanza na deni. Baba yake Bwanikwa alikuwa mtu wa cheo miongoni mwa Waluba na mwenye wake wengi. Mkewe mkubwa alipofariki, jamaa za marehemu walidai fidia ya kifo, ambayo ilipaswa kulipwa kwa watumwa. Baba akapungukiwa mtu mmoja, akamtoa binti yake. Alimkabidhi akiahidi kwamba atarudi kumkomboa. Hakuweza kurudi. Tunawaomba walimu walitazame neno hilo la ahadi, maana ndilo uti wa mgongo wa kisa chote. Ukombozi unatajwa tangu mlango wa kwanza, na unatajwa kama malipo: fulani atatoa kitu, na binti atarudi nyumbani. Hakuna Injili hapo bado, wala serikali ya Waingereza. Kuna baba mwenye deni na neno ambalo kila mtu wa nchi ile alilielewa.

Kutoka hapo anapita kwa bwana huyu na yule, katika nyakati za Msiri na za vurugu iliyofuata kifo chake. Campbell anawahesabu mabwana, kama jina la kitabu linavyoonyesha. Hesabu hii ina nguvu ya kifani na ina hatari yake. Nguvu yake ni kwamba inamfanya msomaji ahisi jinsi mtu anavyogeuka kuwa kitu cha kupokezana. Hatari yake ni kwamba mabwana wanakuwa ndio vituo vya safari, na yale mwanamke aliyoyafanya baina ya kituo na kituo yanakuwa vumbi la njiani.

Kilele cha masimulizi, kwa maoni yetu, hakiko pale Campbell anapokiweka. Kwake yeye kilele ni kuongoka. Kitabu kimejengwa kwa muundo ambao kila msomaji wa maandishi ya kimisheni anaufahamu: giza, kutangatanga, nuru. Lakini Bwanikwa alipokuwa tayari yuko katika maisha ya misheni, ameolewa na mtu aitwaye Wafwilwa, biashara ya watumwa ikiwa imekwisha kupigwa marufuku na serikali za kikoloni za pande zote mbili za maji, bado hali yake katika ndoa ilikuwa hali ya mtumwa. Hakutolewa mahari, alinunuliwa. Mke aliyetolewa mahari ana jamaa wa kumtetea. Mke aliyenunuliwa hana wa kumkimbilia, na watoto wake hawana upande wa mama. Kengele ilikuwa imelia kila asubuhi kwa miaka, na jambo hili halikuguswa nayo.

Aliligusa mwenyewe. Kwa kazi ya mikono yake alijikusanyia mali hata akapata bunduki, na bunduki ile akamkabidhi mumewe kuwa bei ya nafsi yake. Hakumlipa mfanyabiashara wa pwani wala jemadari wa Msiri. Alimlipa mtu aliyekuwa akimpikia ugali.

Wasomaji wa leo hushtuka mahali hapa, na wengine hukasirika. Kwa nini alipe bei ya kitu ambacho kwa sheria na kwa dini tayari kilikuwa chake? Swali hilo ni la haki, lakini linatoka kwa mtu aliyekwisha kuwa na uhuru wa karatasi. Marcia Wright, mwanahistoria wa Kimarekani aliyekitoa kisa hiki gizani kwa makala yake ya mwaka 1983 na kitabu chake Strategies of Slaves and Women cha mwaka 1993, amekisoma kama ushahidi wa fahamu na upinzani wa wanawake watumwa. Tunakubaliana naye, na tunaongeza la kwetu. Bwanikwa hakutaka kutangaziwa uhuru. Alitaka uhuru unaotambulika kwa majirani. Katika nchi ile kilichofungwa kwa malipo hufunguliwa kwa malipo, mbele ya watu. Tangazo la bwana shauri lisingewanyamazisha wakwe. Bunduki iliwanyamazisha.

Na bunduki ile ilitoka wapi? Mwanamke wa sehemu zile hakuwa na njia nyingi za kupata mali: alikuwa na jembe lake, udongo wa kufinyanga, chungu cha kupikia na mguu wa kumpeleka sokoni. Ile kazi isiyo na sherehe, ya kuchimba leo na kuloweka kesho, ambayo Hamed aliipita bila kuiona na Crawford akaivisha mahubiri, ndiyo inayorudi hapa ikiwa imegeuka kuwa bei ya mtu. Hatujui mfano mwingine katika maandishi ya nchi hizo ambapo thamani ya kazi ya shamba inaonekana waziwazi kiasi hiki.

Itaulizwa: tutajuaje kwamba hiyo ni sauti ya Bwanikwa wala si ya Campbell? Masimulizi yamepita katika chujio kadhaa. Yalisemwa kwa lugha ya Kiafrika, yakasikiwa na mwanamume wa kigeni, yakaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya waumini wa Uskochi waliotazamiwa kutoa sadaka. Hatuwezi kuliondoa chujio hilo. Lakini iko njia moja ya kusoma ambayo tumeiona ikifaa. Pale ambapo maandishi yanahubiri, msemaji ni Campbell. Pale ambapo yanahesabu, yaani nani alidaiwa nini, nani alitoa nini, kilichopungua ni kipi, msemaji kwa kiasi kikubwa ni Bwanikwa. Mmisionari hakuwa na haja ya kubuni deni la fidia ya kifo. Halimsaidii katika mahubiri yake. Wala hakuwa na haja ya kubuni ile bunduki. Kwa hakika inamtia aibu, kwa sababu inaonyesha kwamba katika kijiji cha Injili mke aliweza kuwa mali ya mume hadi alipojinunua.

Tukimlinganisha na James Mbotela tutaona tofauti vizuri zaidi. Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, ni kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanganyika vilikisoma. Nacho kinahusu jamii ya jembe na kengele: Freretown ya Kisauni, Mombasa, iliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, ambako watumwa waliotolewa katika majahazi na manowari za Waingereza walipewa makao, mashamba, shule na kanisa. Kengele yake imeacha jina la mahali hadi leo, Kengeleni. Wahakiki wengi wamemlaumu Mbotela kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi, ingawa ni rahisi mno. Mwana anayesimulia jinsi baba yake alivyotolewa jahazini ana haki ya kushukuru. Udhaifu wenyewe uko katika vitenzi. Watumwa wa Mbotela hutekwa, hufungwa, hupakiwa, huokolewa, huletwa, hupewa, hufundishwa. Kauli ya kutendwa inawachukua kutoka utumwani hadi kanisani bila kukatika. Kinachobadilika ni mtendaji tu: mahali pa Mwarabu anaingia Mzungu. Padre Petro Kilekwa, Mbisa wa nchi ambayo sasa ni Zambia, ambaye tawasifu yake Slave Boy to Priest ilitoka mwaka 1937, anasimulia maisha ya namna hiyo hiyo, tangu kutekwa hadi manowari hadi Kiungani. Bwanikwa hakuokolewa na manowari. Ziwa Mweru halina manowari. Alikuwa na jembe, na kwa sababu hiyo kisa chake kinahitaji kiambishi -ji-.

Neno lenyewe, kukomboa, limesafiri sana katika lugha yetu. Asili ya matumizi yake ni rehani na mateka: kutoa mali ili kurudisha kilichoshikwa. Kanisa likalichukua likamwita Bwana wake Mkombozi. Kisha miaka ya 1960 na 1970 siasa ikalichukua kutoka kanisani, tukapata vyama vya ukombozi, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, na fasihi ya ukombozi tuliyoifundisha kwa bidii. Kibemba kina -lubula kwa maana ile ile ya kwanza. Katika kusafiri huko neno limekuwa kubwa, likapoteza bei yake. Mwanafunzi wa leo akiandika insha kuhusu ukombozi ataandika juu ya mataifa na matabaka. Hatakumbuka kwamba kuna wakati mtu mmoja alikaa chini na kuhesabu ni vikapu vingapi vya mihogo vinavyotosha bunduki moja. Tunadhani mwalimu anayelifundisha neno hili bila kulirudisha walau mara moja katika soko lake la kwanza amewapunguzia wanafunzi nusu ya maana.

Yako pia ya wakati huu. Mapema mwaka 2018 ilifunguliwa katika Wilaya ya Nchelenge makazi ya Mantapala, kwa ajili ya wakimbizi waliovuka kutoka Kongo. Wengi wao husema Kiswahili, na hupewa viwanja vya kujenga na vya kulima. Watoto wao wanasoma katika nchi ya Kibemba na Kiingereza, ukingoni mwa maji yale yale. Kila taarifa inayoandikwa juu yao imejaa vitenzi vya kutendwa: wamepokewa, wamehifadhiwa, wamepewa, wamesaidiwa. Taarifa hizo huenda zikawa za kweli zote. Lakini mama anayepiga matuta huko Mantapala anafanya jambo ambalo halimo katika vitenzi hivyo.

Kwa walimu wanaotaka kukitumia kisa hiki darasani, tunapendekeza zoezi la tafsiri kwa kidato cha juu, na lisiwe la kitabu kizima. Sehemu mbili zinatosha: ile ya baba kumkabidhi binti, na ile ya bunduki. Wanafunzi wagawanywe, kundi moja lifasiri kwa kauli ya kutendwa kila inapowezekana, lingine kwa kauli ya kutenda, kisha wasomeane. Mwalimu aangalie hasa neno litakalotumiwa kwa Wafwilwa, ikiwa ni mume, bwana au bwana wake, maana Kiswahili kinaruhusu neno bwana libebe mambo mawili, na hapa yote mawili yalikuwa kweli hadi siku ya malipo. Wale watakaopenda kutuletea tafsiri za wanafunzi wao wazilete pamoja na jina la kitabu kwa Kiswahili walilolichagua, zisizidi kurasa mbili, nasi tutazipa nafasi katika toleo litakalofuata.